Jalada la kitabu si lazima liwe la ngozi

WATAWA waliotunza maktaba ya abasia ya Clairvaux, mashariki mwa Ufaransa, katika karne za 12 na 13 walivalisha baadhi ya vitabu vyao ngozi ambayo haikunyolewa manyoya. Kwa miaka mingi wasomi waliovidadisi vitabu hivyo walidhani ni ngozi ya nguruwe mwitu au ya paa. Mnamo Aprili 2025, watafiti waliochunguza protini na chembechembe za urithi za majalada hayo walitangaza kwamba dhana hiyo ilikuwa potofu. Ni ngozi ya sili, mnyama wa baharini aishiye kwenye maji baridi ya kaskazini mwa dunia, ilhali Clairvaux iko bara, mbali kabisa na bahari. Ngozi hizo zilisafirishwa kutoka pande za Skandinavia, Scotland na hata Iceland au Greenland.

Ugunduzi huo una uzito mkubwa kwa kundi dogo la mafundi ambao hadi leo hujalidi vitabu kwa mkono wakifuata mitindo ya kale. Miongoni mwao pana mjadala usiokwisha: je, fundi anayeunda upya kitabu kwa mtindo wa mwaka 1500 ana ruhusa ya kukivika kitu kingine badala ya ngozi ya ndama, ya mbuzi au ya kondoo? Wapo wanaosema kuwa pasipo ngozi pana mchezo wa kuigiza tu. Wengine wanaona kwamba mafundi wa zamani wenyewe walitumia walichokipata, na kwamba anayejaribu nyenzo mpya ndiye anayewafuata kwa dhati.

Ushahidi uliopo unawaelemea zaidi hao wa pili, ingawa kwa sharti moja ambalo wauzaji wa bidhaa mpya aghalabu hulisahau.

Kazi ya bawaba

Kila mzazi aliyewahi kukesha mwezi wa Januari akivivika vitabu vya mwanawe karatasi ya kaki analijua neno kujalidi. Ujalidi unaozungumziwa hapa, hata hivyo, ni kazi pana zaidi. Karatasi hukunjwa na kupangwa vitita, vitita vikashonwa kwa uzi wa kitani, mgongo ukaimarishwa, mbao au kadibodi zikaambatishwa pande mbili, na mwisho kabisa vyote vikavikwa nguo ya nje. Nguo hiyo ya mwisho ndiyo inayoonekana na kusifiwa, ingawa kitabu kilichoshonwa vyema husimama hata bila yake. Mafundi wa Uhabeshi walilijua hilo zamani. Vitabu vingi vya kanisa nchini Ethiopia vina mbao tupu pande zote mbili, na vile vya heshima zaidi ndivyo hufunikwa kwa ngozi nyekundu ya mbuzi.

Sehemu inayofanya kazi ya sulubu katika jalada ni moja tu: bawaba, yaani ule mstari ambapo ubao hukutana na mgongo. Kitabu kinachofunguliwa mara kumi kwa siku hukunja mstari huo mara maelfu kila mwaka, daima mahali pale pale. Nyenzo yoyote inayopendekezwa badala ya ngozi hujibu swali hilo kwanza kabla ya kuulizwa kuhusu rangi au bei.

Ngozi iliyosindikwa kwa mimea ilipendwa kwa sababu za wazi. Nyuzi zake zimesokotana pande zote, kwa hiyo haina upande mmoja unaochanika kwa urahisi kuliko mwingine. Ikilowa hunyumbulika, ikafuata umbo la mgongo na kuhifadhi umbo hilo ikikauka. Hupunguzwa unene kwa kisu pale inapokunjwa ndani ya ubao. Zaidi ya hayo, hupokea chapa ya moto na dhahabu bila kugoma. Kitambaa na karatasi havina sifa zote hizo. Kitambaa kina nyuzi za tande na mshindio, na karatasi nyingi zina mwelekeo mmoja wa nyuzi, ambao ni lazima uende sambamba na mgongo. Fundi akiukosea, jalada hujipinda kama kigae, na hakuna uzito utakaolinyoosha.

Walichokuwa nacho

Orodha ya vitu vilivyowahi kuvika vitabu ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi nchini Misri, wakulima walifukua mtungi uliokuwa na vitabu 13 vya mafunjo vya karne ya 4. Majalada yake ni ya ngozi, lakini ndani ya ngozi hiyo mafundi walijaza mafunjo yaliyokwisha kutumika, zikiwemo barua na stakabadhi za watu wa kawaida. Tarehe zilizokutwa kwenye taka hizo zimewasaidia sana wasomi kukadiria umri wa vitabu vyenyewe.

Uingereza nayo, baada ya Mfalme Henry VIII kuzifunga monasteri katika miaka ya 1530, ilishuhudia kurasa za vitabu vya kale zikikatwakatwa na kufanywa majalada ya madaftari ya hesabu. Mwaka 1544 binti yake, Elizabeth, akiwa na umri wa miaka 11, alimtunuku mama yake wa kambo kitabu alichokitafsiri mwenyewe, jalada lake likiwa la kitambaa cha buluu kilichotariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Kitabu hicho kingali katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Kuelekea mwisho wa karne ya 18, vitabu vya shule vya Waingereza vilivikwa turubai nene, kwani wanafunzi wa enzi hizo hawakuwa wapole kwa vitabu kuliko wa leo. Kisha katika miaka ya 1820, mchapishaji William Pickering na mjalidi Archibald Leighton wa London walianza kutumia kitambaa cha kaliko kilichotiwa uwanga ili gundi isipenye. Hapo ndipo ngozi ilipoanza kuwa anasa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika katika karne za 18 na 19 kwa kunakili misahafu na kwa ufundi wa ngozi, mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Ujalidi wa Kiislamu una jambo moja linalowavutia wajaribio wa leo: ulimi, kile kipande cha jalada kinachozunguka ukingo wa mbele wa kurasa na kuingia chini ya jalada la juu. Ulimi huo huongeza bawaba mbili, na hivyo nyenzo isiyopenda kukunjwa hujifichua upesi.

Si kila walichokuwa nacho watu wa kale kinastahili kuigwa. Mwaka 2014 vipimo vilithibitisha kuwa kitabu kimoja cha Arsène Houssaye katika maktaba ya Houghton, Chuo Kikuu cha Harvard, kilivikwa ngozi ya binadamu na tabibu Mfaransa wa karne ya 19, aliyeichuna kutoka kwa maiti ya mgonjwa wa kike bila idhini. Machi 2024 chuo hicho kilitangaza kuwa ngozi hiyo imeondolewa.

Unga mwekundu viganjani

Wanaoitetea ngozi kwa kusema kuwa imedumu karne nyingi wanasema kweli, ila wanazungumzia ngozi ya zamani. Kitabu cha Injili ya Yohana kilichokutwa ndani ya jeneza la Mtakatifu Cuthbert huko Durham, Uingereza, bado kina jalada lake la awali la ngozi nyekundu ya mbuzi juu ya mbao, kazi ya mwanzoni mwa karne ya 8. Maktaba ya Uingereza ilikinunua mwaka 2012 kwa pauni milioni 9. Kwa upande mwingine, maelfu ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi baada ya mwaka 1850 vimekwisha kubomoka.

Msomaji aliyewahi kushika Biblia au kamusi ya enzi ya ukoloni, kisha akabaki na unga mwekundu viganjani, amekutana na ugonjwa huo ana kwa ana. Wataalamu huuita uozo mwekundu. Mapema mwaka 1843 mwanasayansi Michael Faraday alitaja moshi wa taa za gesi kuwa chanzo cha kuharibika kwa ngozi katika klabu ya Athenaeum, London. Gesi na makaa ya mawe yalitoa salfa hewani, salfa ikaingia kwenye ngozi, na humo ikageuka kuwa asidi kali inayokata nyuzi.

Malalamiko yalipozidi, Chama cha Sanaa cha London kiliunda kamati mwaka 1900, na ripoti yake ikatolewa mwaka uliofuata. Kamati haikuishia kwenye hewa chafu. Iliwanyoshea kidole wenye viwanda vya ngozi, ambao walitumia asidi ya salfa kung'arisha rangi, na pia aina ya tanini waliyoichagua.

Hapa pana jambo linalomhusu Mkenya moja kwa moja. Tanini, ile dawa ya mimea inayozuia ngozi kuoza, ina koo mbili kubwa. Ya kwanza hupatikana kwenye majani ya kichaka cha sumac cha nchi za Mediterania na kwenye vinundu vya mwaloni. Ngozi iliyosindikwa kwayo huhimili asidi vizuri zaidi. Ya pili hupatikana kwenye magome kadhaa ambayo ni rahisi na hufanya kazi haraka, likiwemo gome la muwati. Huo ni mti ule ule uliopandwa kwa wingi Uasin Gishu na katika nyanda za kati tangu enzi ya ukoloni, na ambao viwanda vya Thika na Eldoret viliukamua ili kuuza tanini ng'ambo. Tanini ya muwati hutoa ngozi bora ya soli na mikanda. Kwa kitabu kinachokusudiwa kukaa rafuni miaka 200, ndiyo aina iliyotiliwa shaka zaidi.

Fundi wa Nairobi anayenunua ngozi sokoni leo ana uwezekano mkubwa wa kupata ile iliyosindikwa kwa kromu. Hiyo haiogopi sana salfa, lakini ni kaidi: hairidhii kupunguzwa kwa kisu hadi iwe nyembamba, hairudi pale ilipokunjwa, na chapa ya moto haitulii juu yake. Basi hata anayeng'ang'ania ngozi analazimika kuuliza ni ngozi gani. Mafuta ya kupaka, yaliyopendekezwa sana zamani kama tiba, hayaunganishi nyuzi zilizokwisha kukatika. Hulainisha kwa muda, kisha huvuta vumbi.

Ipo ngozi ambayo iliponea balaa hilo lote. Ni ile nyeupe iliyotayarishwa kwa shabu, chumvi, unga na kiini cha yai, bila tanini yoyote. Wajerumani wa karne za 15 na 16 walivika vitabu vizito kwa ngozi ya nguruwe ya aina hiyo, na majalada hayo yangali imara. Udhaifu wake ni maji: ikilowa chapa, shabu huyeyuka na ngozi hukakamaa.

Somo la matope

Usiku wa kuamkia Novemba 4, 1966, mto Arno ulivunja kingo zake na kuufunika mji wa Florence, Italia. Ghala za chini za Maktaba ya Taifa ya mji huo zilijaa maji, matope na mafuta mazito yaliyomwagika kutoka kwenye matangi ya kupashia nyumba joto. Zaidi ya vitabu na nyaraka milioni moja viliathirika. Mafundi walimiminika kutoka nchi nyingi, wakiwemo Waingereza walioongozwa na Peter Waters.

Mmoja wao, Christopher Clarkson, alianza kuona jambo lisilotarajiwa miongoni mwa maiti hao wa karatasi. Vitabu vya fahari vilivyovikwa ngozi juu ya kadibodi vilikuwa vimevimba, gundi ikayeyuka, ngozi ikasinyaa na kuvuta kurasa. Vilivyotoka vikiwa na nafuu vilikuwa vile ambavyo hakuna aliyevithamini: vitabu vya karne za 16 na 17 vilivyovikwa pachimenti laini bila ubao wowote.

Pachimenti ni ngozi isiyosindikwa. Hulowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa, kisha ikawambwa kwenye fremu hadi ikauke, mithili ya ngozi ya ngoma. Katika vitabu hivyo haikubandikwa mgongoni kwa gundi. Ilikunjwa tu kama bahasha, kisha kamba za mshono zikapitishwa kwenye matundu yake. Maji yalipoingia, jalada na kitabu vilivimba kila kimoja kwa mwendo wake bila kuraruana. Wajalidi wa zamani walikuwa wamelitengeneza jalada hilo kwa sababu ni la bei nafuu, lakini Clarkson aliliona kuwa umbo linaloweza kuigwa kwa makusudi ili kuhifadhi vitabu vya kale. Kijitabu chake kuhusu suala hilo kilichapishwa mwaka 1982, na kimekuwa kama msahafu kwa watunzaji wa maktaba.

Pachimenti yenyewe ni ghali, tena hunywa na kutema unyevu wa hewa hata jalada hufunguka lenyewe kama kinywa. Lakini Italia hiyo hiyo ilikuwa na mfano wa tatu, wa chini zaidi. Kuanzia karne ya 17 wauzaji waliviweka vitabu katika majalada ya karatasi nene ya kijivu au ya rangi ya maziwa, wakitaraji kuwa mnunuzi angempelekea mjalidi avivike ngozi. Wengi hawakwenda kwa mjalidi. Jalada lile la muda, lisilo na gundi nyingi wala pambo, limeishi miaka 200 au 300, na bado hufunguka bila kulalamika.

Funzo la Florence, kwa hiyo, halikuhusu nyenzo peke yake. Umbo la jalada na gundi chache viliokoa kama ambavyo pachimenti iliokoa. Nyenzo duni iliyoachwa huru ilishinda nyenzo bora iliyobanwa.

Karatasi yavaa joho

Tangu wakati huo, majaribio mengi yamejikita katika karatasi. Tatizo ni kwamba karatasi ya kawaida ya dukani hukatika bawabani. Inayotakiwa ni ile yenye nyuzi ndefu. Nchini Marekani, Timothy Barrett na wenzake katika Chuo Kikuu cha Iowa waliunda karatasi nzito za kitani kwa mkono, zikakusudiwa hasa kuchukua nafasi ya pachimenti katika majalada laini. Barrett alitunukiwa tuzo ya MacArthur mwaka 2009 kwa kazi yake ya karatasi.

Wajapani walikuwa wamefika huko kitambo kwa njia nyingine. Karatasi yao ya mti wa kozo, ndugu wa mforsadi, hupakwa uji wa konnyaku, kiazi cha jamii moja na magimbi yetu, kisha hufinyangwa mikononi mpaka ilegee kama kitambaa. Ikikauka huwa na mikunjo midogo midogo inayofanana ajabu na ngozi ya mbuzi, na huvumilia maji kiasi kwamba Wajapani waliwahi kushona nguo kwayo. Ikipakwa maji ya tunda bichi la persimoni, hugeuka kahawia na kukaza zaidi. Fundi wa mtindo wa Ulaya anayeitumia huweka chini yake ukanda wa kitani kwenye bawaba, kwa kuwa karatasi peke yake, hata hiyo, haifai kubeba mbao nzito.

Gundi nayo hubadilika. Gundi ya unga wa ngano hukauka polepole, humpa fundi nafasi ya kurekebisha, na huweza kuondolewa kwa maji hata baada ya miaka mingi. Gundi nyeupe ya plastiki hukauka haraka na hunyumbulika, lakini kuibandua ni shida. Wanaojalidi kwa ajili ya maktaba huchagua ya kwanza, au huzichanganya mbili.

Jirani zetu Waganda wana nyenzo ambayo imekwisha kuonekana kwenye madaftari ya mikono: kitambaa cha gome la mutuba, ambacho UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Gome huchunwa mti ukiwa hai, likachemshwa na kupondwa kwa nyundo za mbao hadi lipanuke. Ni laini, lina rangi ya udongo mwekundu, na nyuzi zake hupishana kiasi. Kasoro yake ni matundu. Gundi hupenya na kuacha madoa juu, kwa hiyo hubandikwa kwanza kwenye karatasi nyembamba, ikaachwa ikauke ndipo ikatwe. Kingo zake pia huchakaa upesi, na fundi mwenye busara hulitumia ubavuni na kuuachia mgongo kitu kigumu zaidi.

Ngozi ya samaki imefuata njia ya kinyume. Mbuta wa Ziwa Victoria alikuwa akiuzwa minofu ng'ambo huku ngozi yake ikitupwa. Leo nchini Kenya husindikwa na kushonwa viatu na mikoba. Nyuzi zake zimepangwa kwa mishazari inayokatana, hivyo huwa na nguvu kupita unene wake, na vifuko vilivyobaki baada ya magamba kutolewa huipa nakshi isiyohitaji chapa. Vipande vyake ni vyembamba, lakini hilo si kikwazo kwa jalada ambalo mgongo na bawaba pekee ndivyo huvikwa ngozi, na pande zilizobaki karatasi au kitambaa. Jalada la aina hiyo lilipendwa sana Ulaya katika karne ya 19 kwa sababu hiyo hiyo ya kubana matumizi.

Jina zuri si dhamana

Lililo gumu zaidi kulipima ni kundi la bidhaa zinazouzwa kwa jina la ngozi ya mimea: nanasi, tufaha, dungusi kakati, uyoga. Huwavutia wasiotaka kuchinja mnyama kwa ajili ya kitabu, na hoja yao ya kimaadili ni ya kuheshimiwa. Piñatex, iliyobuniwa na Mhispania Carmen Hijosa, hutumia nyuzi za majani ya mananasi yaliyokuwa yakitupwa. Hata hivyo, nyuzi hizo huchanganywa na plastiki itokanayo na mahindi, kisha hupakwa utomvu wa kiwandani juu. Nyingine nyingi hufunikwa kwa poliurethani, na poliurethani inajulikana kwa tabia moja: unyevu wa hewa huivunja polepole, ikanata, kisha ikamenyuka vipande vipande. Yeyote mwenye mkoba au kiti cha bandia cha miaka kumi anaelewa.

Mwaka 2021 taasisi ya utafiti ya FILK mjini Freiberg, Ujerumani, ilichapisha ulinganisho wa ngozi halisi na bidhaa mbadala kadhaa. Hakuna hata moja iliyoifikia ngozi katika sifa zote. Ni vyema ikumbukwe kuwa vipimo hivyo vililenga matumizi kama viatu, si vitabu, na jalada halihitaji kupumua kama kiatu. Ila jalada hutakiwa kuishi muda mrefu zaidi, na hakuna kati ya bidhaa hizi iliyokwisha kuishi muda huo. Ya uyoga iliyotangazwa sana, Mylo, ilisitishwa uzalishaji mwaka 2023 kabla haijafikisha umri wa kupimwa na wakati.

Historia imewahi kuwaadhibu waliovutiwa na ngozi bandia. Vitambaa vilivyopakwa nitrati ya selulosi mwanzoni mwa karne ya 20 vilisifiwa kuwa vinafulika na havichakai. Vikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaougua karatasi ya jirani. Majalada ya plastiki ya PVC nayo hutoa jasho la mafuta na kung'oa wino.

Kwa sababu hiyo makumbusho hayaamini lebo. Tangu mwaka 1973 yamekuwa yakitumia kipimo kilichobuniwa na Andrew Oddy wa Makumbusho ya Uingereza. Kipande cha nyenzo huwekwa ndani ya chupa iliyozibwa pamoja na maji kidogo na vibati vitatu vya fedha, risasi na shaba, kikaachwa kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Vibati vikibadilika rangi au kuota kutu, nyenzo hiyo inatoa mvuke mbaya na hairuhusiwi kukaa karibu na hazina yoyote.

Fundi asiye na maabara ana njia zake. Huunda vitabu vidogo vya kurasa tupu, kila kimoja na jalada lake, akavifungua na kuvifunga mara mia kadhaa huku akitazama bawaba kwa kioo cha kukuzia. Kipande cha nyenzo hukifunika nusu kwa kadibodi na kukiacha dirishani miezi kadhaa aone rangi ikipauka. Hukisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji aone kama kinachuja. Hukipaka gundi upande mmoja na kukiacha usiku kucha ili ajue kinajipinda kwa kiasi gani, kisha hubandika karatasi upande wa ndani wa ubao ili mvuto wa pande mbili ulingane. Majaribio haya ni ya gharama ndogo, na hufichua kasoro nyingi ndani ya juma moja.

Yasifanywe kwenye kitabu cha mtu. Kila mwaka misahafu ya familia, Biblia za babu na madaftari ya ubatizo hupelekwa kwa mafundi wa mitaani na kurudi vikiwa na mgongo wa plastiki na gundi ya viatu, na jalada la asili limetupwa jalalani. Jalada hilo lililochakaa huwa na ushahidi ambao hauandikwi popote pengine: ngozi iliyotumika, mshono, karatasi za taka zilizojazwa ndani, wakati mwingine jina la mwenyewe. Mhifadhi makini hulitia kwenye bahasha na kulirudisha pamoja na kitabu. Kwa kitabu kinachohitaji ulinzi tu, sanduku la kadibodi isiyo na asidi, lililokatwa kwa vipimo vyake, hutosha bila kuligusa jalada.

Na pale jalada jipya linapowekwa, baadhi ya mafundi wameanza kuandika kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho tarehe, nyenzo iliyotumika, ilikonunuliwa na aina ya gundi, ili atakayelifungua baada ya miaka 100 asihitaji maabara ya protini.